Maneno ya Moyoni: Asili Yake na Kazi Yake

(Hotuba kwa wananchi wa Ifakara na Bonde la Kilombero)



Tumeombwa tuseme machache juu ya maneno tunayotumia kutaja mambo ya moyoni: furaha, huzuni, hasira, hofu, aibu, upendo na mengine ya namna hiyo. Huenda wako watakaouliza, je, hii ni kazi ya kuwakutanishia watu wenye mpunga shambani? Sisi twajibu kwamba ni kazi, tena ni kazi kubwa. Mtu asiyeweza kutaja linalomwumiza hutibiwa kwa kubahatisha, na akifika barazani huamuliwa kwa kubahatisha. Na taifa lisilojua maneno yake yalikotoka huambiwa na wengine kwamba halina kitu.

Hayo ya kuambiwa hatuna kitu tuliyasikia sana wakati wa ukoloni. Palikuwapo watu waliosema kwamba Mwafrika ana njaa na usingizi, lakini mambo ya ndani ya moyo hana, na wakatoa ushahidi wao katika lugha: tazama, walisema, hata furaha yao wameiazima kwa Waarabu! Na leo bado wako vijana wetu wanaodhani kwamba jambo la moyoni halisemeki vizuri mpaka lisemwe kwa Kiingereza. Basi na tuyachambue maneno yenyewe, tuone ukweli uko wapi.

Kwanza tukubali lililo kweli. Maneno mengi ya moyoni katika Kiswahili yana asili ya Kiarabu. Furaha ni ya Kiarabu. Huzuni ni ya Kiarabu. Hofu, aibu, haya, raha, shauku, ghadhabu, wasiwasi, husuda na mahaba, yote hayo yalipanda majahazi, yakashuka pwani, yakafika bara kwa njia ya biashara, dini na shule. Hatuna sababu ya kulificha jambo hili. Kuazima neno si kuazima moyo. Waingereza nao neno lao la furaha walilitoa kwa Wafaransa, na neno lao la hasira walilitoa kwa watu wa Skandinavia, ambao kwao lilikuwa na maana ya huzuni na taabu. Hakuna aliyesema kwamba Mwingereza hakuwahi kukasirika mpaka meli za Skandinavia zilipotia nanga kwake.

Pili, tuangalie neno lililoazimwa lilifanywa nini lilipofika kwetu. Hapo ndipo akili ya watu wetu inapoonekana. Chukueni neno hasira. Kwa Kiarabu neno lililoizaa lina maana ya majuto na huzuni ya mtu aliyepoteza kitu. Kwetu limekuwa la mtu aliyewaka. Wahenga walijua kwamba mara nyingi anayefoka ana jeraha ndani yake. Ukitaka kuituliza hasira yake, uliza amepoteza nini. Chukueni hamu. Kwa Kiarabu ni wasiwasi na mzigo wa moyo. Kwetu hamu ni kutamani sana: hamu ya kumwona mama, hamu ya kula samaki wa mtoni. Lakini anayeishi mbali na kwao anajua kwamba kutamani kwa namna hiyo nako ni mzigo. Chukueni hamaki. Kwa Kiarabu mzizi wake ni upumbavu. Kwetu mtu aliyehamaki ni mtu aliyepandisha hasira ghafula bila kufikiri, na kila mzee wa baraza atawaambia kwamba mambo hayo mawili yanakaa nyumba moja.

Na kubwa kuliko yote ni heshima. Kwa Kiarabu neno hili lilitaja haya na staha, yaani ile hali ya mtu kujizuia mbele ya watu. Sisi tumelichukua tukalipandisha daraja. Leo heshima ni haki ya kila binadamu: heshima ya mkulima, heshima ya mama, heshima ya nchi. Watu walipodai kujitawala, kuanzia TANU ilipozaliwa mwaka 1954 hata uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, hawakudai bendera tu. Walidai heshima, na kila mtu alielewa bila kamusi.

Yako pia maneno ambayo asili yake inatufundisha jambo. Wasiwasi kwa Kiarabu ni kunong'ona. Ni ile sauti ndogo inayomnong'oneza mtu mabaya usiku. Dhiki ni wembamba wa mahali, ni kubanwa; ndiyo maana mwenye dhiki husema anakosa pumzi. Rehema ina mzizi mmoja na neno la Kiarabu la tumbo la uzazi. Mwarabu aliyaweka pamoja mambo hayo mawili, na Mswahili, kwa njia yake mwenyewe, akasema: uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Ndugu wananchi, methali hiyo inatuingiza katika sehemu ya tatu, maana uchungu ni neno letu la asili. Liko pamoja na kupenda, kuogopa, kucheka na kulia. Hayo hayakuja kwa jahazi. Yana ndugu zake katika lugha za Kibantu tangu Kamerun mpaka Afrika ya Kusini. Uchungu kwanza ni ladha: ladha ya dawa ya mwarobaini, ladha ya nyongo ya samaki iliyopasuka wakati wa kuparua. Kisha ni maumivu ya mama anayejifungua. Kisha ni huzuni. Kisha, tukapata msemo ambao twadhani ni mmojawapo wa misemo bora ya siasa yetu: kuwa na uchungu wa nchi. Angalieni safari hiyo. Imeanzia ulimini, ikapita tumboni, ikafika moyoni, ikaishia katika taifa. Mwenye uchungu wa nchi ni mtu anayeumwa na nchi yake kama mzazi anavyoumwa na mwanawe. Neno moja limebeba mambo manne, na mtoto wa darasa la pili anayaelewa yote.

Sasa twaomba mtupe masikio kwa neno jingine, soni. Wazee wa bonde hili na wa nyanda za juu za kusini hawahitaji kuelezwa. Soni ni ile aibu inayomfanya mtu ainamishe macho, na Wahehe na Wayao wanayo. Vijana wengi wameliacha neno hili wakashika aibu. Lakini tazameni soni ilikofika. Mkikuyu husema thoni. Mganda husema ensonyi. Mnyarwanda husema isoni. Mzulu husema inhloni. Mtu aweza kusema labda ni bahati tu maneno kufanana. Basi tulipime kwa neno jingine, kucheka. Mkikuyu husema theka, Mganda husema seka, Mzulu husema hleka. Mnaona? Mahali Mganda anapoweka s, Mkikuyu anaweka th na Mzulu anaweka hl, katika soni na katika kucheka vilevile. Sauti zimebadilika kwa utaratibu, kama watoto wa baba mmoja waliohamia wilaya mbalimbali. Kwa njia hiyo wataalamu wa lugha hutambua kwamba neno ni la ukoo, halikuazimwa jana.

Na hapa Kilombero jambo hili si la mbali. Wangoni walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitoka kusini, katika nchi za akina Wazulu, na misafara yao ilitikisa watu wengi hata kusini mwa nchi yetu. Wambunga waliingia katika bonde hili katika karne hiyo ya 19, na habari za asili yao zimefungamana na misukosuko hiyo ya Wangoni. Waliwakuta Wandamba na mitumbwi yao, wakawa jirani wa Wapogoro na Wabena. Watu wa misafara kama hiyo wanapokutana na wenyeji, mikuki huwa tofauti na mila huwa tofauti, lakini neno la soni ni la ukoo mmoja. Basi anayesema kwamba makabila yetu hayakuwa na kitu cha kuyaunganisha kabla ya kuja wageni, mwambieni akachunguze maneno haya mawili tu.

Sehemu ya nne ni juu ya mahali tunapoyaweka mambo haya mwilini. Mswahili huyaweka moyoni, lakini hakuishia hapo. Anayo nyongo, na kutokana na nyongo akapata kinyongo, yaani ule uchungu wa chinichini unaowekwa siku nyingi. Analo jicho, na kutokana na jicho akapata kijicho, yaani wivu wa mtu anayetazama cha mwenziwe. Anayo maini, na maneno makali husemwa kwamba humkata mtu maini. Wabena nao wana neno lao numbula, ambalo ni moyo na pia ni nafsi ya mtu. Katika nyumba moja ya Ifakara, ambamo baba ni Mpogoro, mama ni Mbena na watoto wamekua kwa Kiswahili, jambo moja la moyoni laweza kusemwa kwa njia tatu. Hiyo ni akiba, ndugu wananchi, kama ghala yenye mbegu za aina tatu.

Tena sikilizeni vitenzi vyetu. Hofu humwingia mtu. Hasira na mori humpanda. Huzuni humshika. Furaha humjaa. Lakini haya, aibu, wivu na fahari mtu huziona. Twasema ameona haya, ameona wivu, ameona fahari. Zamani hata jina la mambo haya yote kwa jumla lilikuwa maono, kutokana na kuona, kabla ya neno hisia, ambalo nalo ni la Kiarabu, kulichukua mahali pake. Utaratibu huu una hekima yake. Hofu na hasira zimetajwa kama wageni wanaoingia bila kubisha hodi, na mgeni hutoka. Hivyo hatumwiti mtu mwoga kwa sababu hofu ilimwingia siku moja. Lakini haya na wivu huhitaji mtu mwingine wa kutazamana naye. Mtu aliye peke yake porini huingiwa na hofu; kuona haya, mpaka awakumbuke watu.

Na ushujaa tumeusema vipi? Twasema kujipa moyo, tena twasema kupiga moyo konde. Hatukusema shujaa ni mtu asiye na hofu. Tumesema ni mtu aliyeushughulikia moyo wake mwenyewe. Tarehe 30 Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Wadachi pale Mahenge, katika vita vya Maji Maji, mbele ya bunduki za mrututu. Watu wale hawakuwa mawe. Walikuwa na wake na watoto, na hofu iliwaingia kama inavyomwingia kila mtu. Walipiga moyo konde. Kiswahili kimetupa msemo wa kuwasifu bila kuwadanganyia.

Ndugu wananchi, tukiishia hapa tutakuwa tumesifu tu, na sifa peke yake haijengi nchi. Sehemu ya tano ni madhara. Neno la moyoni laweza kuponya na laweza kuua, na ushahidi uko hapa hapa kwetu.

Ifakara ni mji wa tiba. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko iko hapa, na tangu mwaka 1957 Waswisi walipoweka maabara yao hapa, kazi ya uchunguzi wa magonjwa imeendelea mpaka ikazaa Taasisi ya Afya ya Ifakara, ambayo leo jina lake linajulikana duniani kwa utafiti wa malaria. Lakini uchunguzi uliofanywa Kilombero na Ulanga ulionyesha kwamba dawa peke yake haitoshi, maana kati ya mgonjwa na dawa limesimama neno. Neno lenyewe ni degedege. Mtoto mwenye homa kali ya malaria hushikwa na mtukutiko. Watu wakauita degedege kwa jina la dege, ndege mkubwa ambaye walidhani hupita juu ya nyumba na kumdhuru mtoto. Jina likaleta hofu, na hofu ikaleta amri: usimpeleke hospitali kwanza, sindano itamwua. Wazazi wenye upendo kamili, wenye uchungu kamili wa mwana, walichelewa kwa sababu ya jina. Hawakukosa upendo, hofu ilishika njia ya kwanza. Leo watu wengi zaidi wanajua kwamba degedege ni dalili ya kukimbilia hospitali. Lakini popote hofu hiyo ilipobaki, mtoto yumo hatarini.

Jambo la pili ni kifafa. Mahenge, juu ya bonde letu, ugonjwa huu ni mwingi kuliko mahali pengi. Mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa pale Mahenge. Aliona wagonjwa waliotengwa, wanaokula peke yao, wengine wenye makovu ya moto kwa kuwa walianguka jikoni na watu wakaogopa kuwagusa, wakidhani povu la mgonjwa huambukiza. Ndani ya jina kifafa watu husikia kufa. Basi mgonjwa alibeba mizigo miwili: ugonjwa wenyewe, na soni aliyovishwa na jirani zake. Dawa za kila siku zilipowatuliza, mzigo wa kwanza ulipungua. Mzigo wa pili hauna kidonge. Uchunguzi wa miaka ya karibuni umeonyesha uhusiano kati ya kifafa cha Mahenge na ugonjwa wa usubi, unaoletwa na nzi wadogo weusi wa kando ya mito yenye maji ya kasi. Yaani ni jambo la mdudu na mnyoo, halina laana ndani yake. Lakini kabla hatujamwangamiza mdudu, twaweza leo hii kuacha kumwonea haya mgonjwa. Kula naye sahani moja hakuhitaji fedha kutoka Dar es Salaam.

Jambo la tatu ni ugonjwa wa huzuni. Mtu huja zahanati akasema, moyo unaniuma, au nina mawazo mengi, au mwili hauna nguvu. Mganga akisikia moyo tu, atapima mapigo na kumrudisha nyumbani kwa kuwa mapigo ni mazima. Lakini mtu yule alikuwa akisema jambo la moyoni. Siku hizi waganga wa akili hutumia neno sonona kwa ugonjwa huo wa huzuni nzito isiyoondoka. Ni neno zuri, limetoka katika kusononeka, ni letu, na mtu wa kawaida aweza kulikisia maana yake. Hivi ndivyo inavyofaa kuunda maneno ya kitaalamu: tuanze ghalani kwetu kabla ya kwenda kukopa.

Na isisemwe kwamba ghala yetu ni ndogo. Mwalimu Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, iliyochapishwa mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alikuwa anaijibu hoja ile ile ya kwamba Kiswahili hakiwezi. Katika michezo hiyo mna wivu, usaliti, kisasi, majuto na rehema, na msomaji wa Kiswahili aliyapata yote kwa lugha yake. Neno la moyoni lililotosha kwa Roma na Venisi haliwezi kupungua Ifakara.

Basi tufanye nini? Tuna mapendekezo matatu, na hakuna hata moja linalongoja fungu la serikali.

La kwanza, tuyakusanye maneno. Nchi yetu ina lugha zaidi ya 120, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia Mradi wa Lugha za Tanzania kilitoa atlasi yake mwaka 2009. Lakini wataalamu hawawezi kukaa kila kijiji. Kila shule ya bonde hili iwape wanafunzi daftari moja, kila mtoto aende kwa bibi yake aulize: kwa Kindamba, kwa Kipogoro, kwa Kimbunga, kwa Kibena, unasemaje mtu akifurahi, akiona soni, akimkumbuka aliye mbali? Tena aulize, lini neno hili hutumiwa na lini halitumiwi? Bibi akifa kabla hajaulizwa, hakuna kamusi itakayomfufua.

La pili, watumishi wa afya, walimu na wazee wa mabaraza wajifunze kusikiliza misemo ya watu. Mtu akisema ana donge, msimwulize tu linamwuma wapi. Mwulizeni pia lilianza siku gani na nani alikuwapo.

La tatu, tulinde tofauti kati ya haya na aibu. Haya ni ile staha inayomzuia mtu asifanye ubaya. Aibu kwa asili yake ni kasoro. Mtoto afundishwe haya, lakini asitwishwe aibu kwa jambo ambalo si kosa lake: kuanguka kifafa, kuwa maskini, kuzungumza Kindamba mbele ya watu wa mjini. Jamii inayochanganya mambo hayo mawili huwaacha wezi watembee vifua mbele na wagonjwa wajifiche ndani.

Ndugu wananchi, mto Kilombero hupokea maji ya Ruhuji, ya Mnyera, ya Mpanga na ya mito mingine mingi, na ukifika Rufiji hakuna anayeuliza tone hili lilitoka wapi. Kiswahili kimepokea hivyo hivyo, kutoka kwa Waarabu na kutoka kwa ukoo wetu wa Kibantu. Lakini mto hukauka chemchemi zake zikizibwa. Chemchemi zenyewe ni wazee waliokaa mbele yetu hapa leo. Kabla hamjatawanyika, kila kijana amwulize mzee mmoja neno moja, naye aliandike.